Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Walinipigia kutoka maktaba ya mtaa, Halifax kaskazini:
Mzee Beals, Jumamosi saa nane mchana,
mwanao Corwin atatia sahihi kitabu.
Nikajibu, nina zamu.
Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Alikuwa na miaka tisa alipochora nyuma ya bili ya umeme
mwanamke anayeruka juu ya daraja, shuka likipepea mabegani.
Shujaa gani, nikafoka, mwenye pua ya shangazi yako Verlene?
Akasema, ni shangazi Verlene.
Nikaikunja bili nikaenda kulipa.
Shujaa akalala kifudifudi juu ya kaunta,
muhuri wa IMELIPWA ukamgonga mgongoni,
wino ukapenya hadi kifuani.
Nyumbani hakulia. Aliomba karatasi yake.
Nikamwambia hiyo ni risiti.

Jumamosi theluji ikakoma mapema, Mungu naye ana mizaha.
Nikaliacha greda karakana, nikaenda na buti zangu za kazi,
chumvi ya barabarani imezichora mistari.

Foleni ilifika mlangoni!
Kina mama wa kanisa, kofia za Pasaka katikati ya Februari;
vijana, kofia za sweta zimewafika machoni;
binti mmoja mwenye waya menoni akihesabu sarafu mara tatu
asije akapungukiwa mbele za watu.
Na mezani wao, wa hapa hapa:
Lorna Cromwell, aliyetoa nakala za kurasa zake usiku
kwa mashine ya ofisi anayofagia, akazibana kwa pini,
mabibi wanane wakicheza magongo juu ya bwawa lililoganda;
Jabril Sparks na mizimu yake, wapagazi wa treni
wanaodai bakshishi zao za miaka themanini;
na Odessa Tynes, aliyemwandikia mwanangu maneno,
lafudhi yetu kama ilivyo, hakuipiga pasi.
Nilisoma kiputo kimoja nikamsikia marehemu baba akikohoa.

Jamani, katuni nimezisoma tangu utoto.
Humo sisi tulikuwa midomo, macho ya kutoa,
au doa la wino nyuma ya bega la mtu mwingine.
Basi nikakifungua kitabu kwa woga, ningali kwenye foleni.

Ukurasa wa arobaini na tatu hauna neno.
Vyumba sita. Theluji hakuichora:
aliiacha karatasi iwe theluji.
Katikati greda, ndani ya greda mtu,
na weusi wa uso wake haukumwagwa kama chai,
ulilazwa mstari juu ya mstari, kwa subira ya msusi,
mwanga ukaachiwa njia kwenye shavu, kwenye kovu la kidevu.
Nikagusa kidevu changu.
Chumba cha sita kinatazama kutoka juu, dirishani:
kioo, ukungu wa pumzi, na ndani ya ukungu
kidole kidogo kimechora duara la kuchungulia.
Saa kumi alfajiri. Miaka yote ile.
Nami nilidhani barabara ile naisafisha peke yangu.

Zamu yangu ikafika. Hakuinua kichwa, mkono umemchoka:
Niandike kwa jina gani?
Pembeni yule binti alikuwa bado anauliza
kama kuna sehemu ya pili, na lini, na kwa nini si leo.

Sikusema jina.
Nikatoa mfukoni bili ya umeme ya mwezi huu,
nikailaza mezani, upande mtupu juu.
Chora, nikasema.
Hii bado sijailipa.